Ubao wa Vipande Urudishwe

Bwana Mhariri amenipa nafasi katika gazeti letu la muhula huu, nami namshukuru, ingawa sehemu ya ninayotaka kuyasema hainipendezi mimi mwenyewe. Wanafunzi wote wa shule hii waujua ubao ulio ukutani karibu na mlango wa maktaba, ule tuliouita Ubao wa Vipande. Tangu katikati ya muhula uliopita ubao huo u mtupu, zimebaki pini tu na alama za gundi. Walimu waliufunga, na sababu waliyoitoa ilikuwa ya haki. Leo naandika kuomba ufunguliwe. Walakini siwezi kuomba hivyo bila ya kusema kwanza kwamba kipande kilichouponza ubao ule nilikibandika mimi.

Kwa ajili ya wazazi wetu, na kwa ajili ya Kidato cha Kwanza ambao hawakuukuta, yafaa nieleze ulivyoanza.

Mambo yalianzia bwenini. Baada ya masomo ya usiku tunayo nusu saa kabla ya kuzimwa taa, na katika nusu saa ile kila mtu ana lake: huyu aosha miguu, huyu apiga pasi shati la kesho, wale wabishana habari za mpira. Usiku mmoja mwenzetu aliyekuwa kitanda cha juu, karibu na dirisha, alikuwa akisoma Kuli, kitabu cha Adam Shafi kilichotoka 1979. Wanaokijua wajua ni hadithi ya Rashidi, kijana wa Unguja afanyaye kazi ya ukuli bandarini, na ya mgomo wa wachukuzi wa 1948. Huyu mwenzetu aliguna kwa sauti kubwa, kama mtu aliyepigwa na kitu. Tukamwuliza ana nini. Hakutujibu. Mmoja akamwambia, "Basi soma na sisi tusikie." Akasoma ukurasa mmoja.

Alipomaliza palikuwa kimya. Kisha mmoja akauliza mtu awezaje kuchukua mzigo wa namna ile kutwa nzima na mgongo usivunjike. Hapo ndugu mmoja ambaye baba yake ni mchukuzi, kijana asiyekuwa na desturi ya kushika kitabu cha hadithi, akashuka kitandani, akachukua mto wake, akatuonyesha jinsi goti linavyokunjwa na jinsi shingo inavyowekwa. Akatuambia baba yake akirudi nyumbani jioni hakai chini mara moja, huegemea ukuta kwanza. Nadhani hatukupata kumsikia akisema maneno mengi hivyo tangu tulipoingia shuleni. Siku ya pili yeye ndiye aliyeuliza, "Kile kitabu kinasomwa saa ngapi?"

Basi ikawa desturi. Kila usiku mtu mmoja alisoma kipande cha kitabu alichokuwa nacho mkononi. (Wazee watanisamehe kwa neno hili. Najua kwa babu zao kipande kilikuwa ile kadi ya kazi ya siku za wakoloni, wala hakikuwapendeza kukitazama. Mwalimu wetu wa Kiswahili ataka tuseme dondoo, lakini bwenini neno hilo halikushika.) Vitabu vyenyewe vilikuwa vichache. Maktaba yetu ina nakala moja tu ya vitabu vingi vizuri, nasi tu wengi, na mwanafunzi akichukua nakala ile moja, wengine wote wakaa wakingoja. Kwa kusomeana, wanafunzi 40 waliweza kuonja kitabu ambacho mmoja tu alikuwa nacho. Baadaye Mwalimu wa maktaba akapata habari, akatupa ule ubao ili na mabweni mengine yapate. Mtu alinakili kwa mkono nusu ukurasa wa kitabu anachokisoma, akaandika jina la kitabu na la mtungaji, akabandika. Siku za Jumamosi watu walisimama pale wakisoma hadi waliokuwa nyuma wakawa wanasukuma.

Si walimu wote waliopendezwa. Mwalimu wetu mmoja alisema, na alisema mbele ya darasa, kwamba tunajifunza kula makombo. Alisema mtu aliyezoea nusu ukurasa hatakuwa na subira ya kurasa 200, na kwamba yeye asahihishapo insha zetu huona maneno ya vitabu yamechomekwa kama maua kwenye chupa, hayana mizizi. Nilimkasirikia wakati ule. Sasa sina haki ya kumkasirikia, maana insha mojawapo aliyokuwa akiikumbuka bila shaka ilikuwa yangu.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, katika shule nyingine, nilitakiwa kuandika insha juu ya sheria. Sikuwa nimesoma Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu cha 1951, lakini nilikuwa nimemsikia rafiki yangu akikariri maneno makali sana ya mle ndani, yenye kuonya kwamba elimu mpya isiyozoeleka ni hatari kwa nchi. Yalikuwa na mlio mzuri. Nikayatia katika insha, nikaandika kwa fahari kwamba ndivyo alivyotufundisha Shaaban Robert. Insha ilirudi na maneno mawili tu ya wino mwekundu pembeni: "Nani anasema?"

Nilikwenda kukitafuta kitabu ili nimwonyeshe mwalimu kwamba ni yeye aliyekosea. Waliokisoma wajua nilichokikuta. Maneno yale yalikuwa ya Majivuno, waziri anayemshtaki Karama mbele ya mfalme kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Kitabu kizima kimetungwa ili tumsikie Karama akijitetea siku baada ya siku, nami nilikuwa nimechukua maneno ya mshitaki nikayafanya wasia wa mtungaji. Ni sawasawa na mtu aingiaye barazani, akasikia sauti moja, akatoka mbio kwenda kutangaza hukumu.

Jambo hili nililiona tena mwaka jana, safari hii bila ya kuaibika mimi. Darasa letu lilikuwa likisoma Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, ile iliyotoka mara ya kwanza 1963, naye akaisahihisha na kuitoa tena 1969. Mtu mmoja alibandika ubaoni sehemu ya hotuba ya Brutus, pale anapowaeleza Warumi kwa nini alimwua rafiki yake. Siku mbili nzima shule ilikuwa ya Brutus. Tuliokuwa tumeshasoma mbele tulijua kwamba Antony anapanda baada yake, na kwamba umati ule ule uliokuwa ukimshangilia Brutus unageuka na kuanza kutafuta nyumba za kuchoma moto. Siku ya tatu mwenzetu mwingine akabandika Antony kando ya Brutus. Pakazuka ubishi hadi kwenye foleni ya uji. Wapo vijana waliomaliza mchezo mzima wiki ile kwa sababu tu walitaka kujua nani alikuwa mkweli, na Mwalimu aliyesema habari za makombo naye alionekana amesimama pale ubaoni, mikono nyuma, akisoma. Sikumwuliza neno.

Yako makosa mengine madogo madogo ya ubao ambayo sitayaficha. Aliyekuwa akisoma Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla alibandika ukurasa wa karibu na mwisho, pale Bwana Msa anapoanza kuyafungua mafundo moja moja. Watu saba walikuwa kwenye orodha wakikingoja kitabu kile. Sitasema walimfanya nini, ila kwa siku kadhaa sabuni yake ilikuwa haionekani. Tena palikuwa na vipande vyenye majina makubwa chini yake ambavyo havikutoka katika kitabu chochote. Mtu alivisikia nyumbani vikisomwa kutoka katika simu ya kaka yake, vimetiwa jina la mwenye hekima fulani, naye akaviamini. Mwalimu wa maktaba akiuliza, "Kitabu gani, ukurasa wa ngapi?" kipande kinashuka chenyewe.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Yule mwenzetu wa Kuli alikaa na kitabu muda mrefu. Jina langu lilikuwa la kwanza katika orodha ya waliokingoja. Siku 14 za kuazima zikapita. Nikamwuliza, akasema bado hajamaliza. Wiki ya tatu nikamwuliza tena, akanijibu vivyo hivyo, na tena hakunitazama. Kubwa zaidi ni kwamba alikuwa ameacha kutusomea usiku. Alilala mapema, akageukia ukuta. Nikasema moyoni: huyu ametuonjesha, kisha ametunyima.

Siku zile mimi nilikuwa nikisoma hadithi za Alfu Lela Ulela katika kitabu cha Kiingereza, nami nilikuwa nimefika kwenye kisa cha ndugu wa sita wa kinyozi. Maskini huyu ana njaa, anaingia katika nyumba ya tajiri mmoja wa ukoo wa Barmaki. Tajiri anamkaribisha kwa heshima kubwa, anaita maji ya kunawa, naye ananawa mikono mikavu, maana maji hakuna. Anaita mkate, anausifu weupe wake, na mkate hakuna. Anaita nyama na wali na matunda, kila sahani anaitaja na kuisifu, na mezani hapana hata punje. Mgeni, kwa kuwa ni mwerevu na ana haja, anatafuna hewa na kusifu mapishi.

Nilipofika hapo nikacheka peke yangu. Nilimwona mwenzangu waziwazi. Sikugeuza ukurasa. Nilichukua karatasi, nikatafsiri kile kipande cha kunawa na kutafuna kwa Kiswahili kizuri nilichoweza, na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: KWA WENYE VITABU. Sikutaja jina la mtu yeyote. Asubuhi kilikuwa ubaoni.

Jina halikuhitajiwa. Kufika chakula cha mchana bweni zima lilikuwa limekwisha elewa. Maharage yalipoletwa, vijana watatu wa meza yetu walinawa mikono mikavu mbele yake, polepole, na mmoja akamwambia, "Karibu mkate, Mwenye Karamu." Jina likamshika. Siku nne alilisikia bwenini, darasani na uwanjani. Mimi sikulisema hata mara moja, na hilo wakati ule nililihesabu kuwa wema. Siku ya tano alimwomba mwalimu wa bweni ahamishwe.

Mwalimu alinichagua mimi nimsaidie kuhamisha godoro. Tulilishika huku na huku, na tulipoliinua, magazeti yakaanguka sakafuni, na ndani ya magazeti karatasi za kitabu zilizovimba na kugeuka rangi. Ilikuwa Kuli. Mvua ya masika ilikuwa imepita katika paa juu ya kitanda chake wakati sisi tuko darasani, na kitabu kilikuwa chini ya mto. Alikuwa akizitenganisha kurasa moja moja na kuzikausha kwa kuzilalia. Hakuweza kutusomea kwa sababu kurasa zilikuwa zimeshikana. Hakuweza kunipa, kwa sababu hapakuwa na kitabu cha kunipa. Na hakuweza kusema, maana aliogopa kutozwa bei yake, ilhali nyumbani kwao muhula ule hawakuwa na kitu cha kuleta. Alizikusanya zile karatasi bila ya kuniambia neno, nami nikashika upande wangu wa godoro tukaenda.

Usiku ule niliifungua tena Alfu Lela Ulela na kugeuza ule ukurasa ambao sikuugeuza. Mgeni anajifanya amelewa kwa mvinyo usiokuwapo, anainua mkono na kumpiga mwenyeji wake. Tajiri badala ya kukasirika anacheka, anasema amekuwa akitafuta siku nyingi mtu mwenye subira na akili ya kumfuata katika mchezo huo, kisha anaita meza ya kweli, yenye vyakula vyote vile alivyovitaja, wakala pamoja, wakawa masahaba kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa nimeikata hadithi mahali palipokuwa na faida kwangu, na hata sikujua kuwa nimeikata, kwa sababu sikuwa nimesoma mbele.

Nilikwenda kwa mwalimu wa zamu asubuhi nikamwambia kipande kile ni changu. Siku ile ile ubao ukafungwa, na barazani asubuhi hakutajwa mtu. Wengi mlidhani ni kwa sababu ya ile habari ya sabuni. Sivyo. Baadaye tulikwenda wawili kwa Mwalimu wa maktaba na yale magazeti mikononi. Hakumtoza. Alitupa sindano, uzi na gundi, akatuonyesha namna ya kushona. Kurasa mbili hazikusomeka tena, nami nimezinakili kwa mkono kutoka nakala ya mwalimu mmoja. Kitabu kimerudi rafuni, kimevimba, hakifungiki vizuri, na msomaji ni lazima akishike kwa mikono miwili. Mwenzangu amenipa ruhusa kuyaandika haya, kwa sharti nisitaje jina lake. Nilimwomba radhi siku ile tukiwa wawili. Hapa namwomba tena, maana alichekwa mbele yenu.

Baada ya haya yote mtu aweza kuniuliza, basi waombaje ubao urudi? Nimejiuliza mimi mwenyewe likizo nzima, na jibu langu la kwanza lilikuwa usirudi.

Lililonigeuza lilitokea nyumbani, Pangani. Bibi yangu hajui kusoma. Nilikuwa na Utenzi wa Mwanakupona kwa ajili ya masomo, ule uliotungwa 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake, na jioni moja, kwa kuwa nilikuwa na uvivu wa kusoma peke yangu, nilimsomea Bibi huku anatwanga. Nilifika kama beti ya kumi. Akaacha mchi, akanishika mkono, akaendelea yeye. Aliendelea beti nyingi, macho yake yakitazama ndani ya kinu, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Alifundishwa na shangazi yake akiwa msichana. Mahali pengine maneno yake hayakuwa kama yaliyochapwa, nami, kwa ujinga wa mtu wa shule, nikamwambia, "Bibi, kitabu hakisemi hivyo." Akaniuliza, "Na hicho kitabu, mjukuu wangu, kilimsikia nani?"

Miaka yote niliyoishi naye sikujua kwamba Bibi anao utenzi huo. Nisingalijua kamwe kama nisingalimsomea kile kipande. Kitabu nilikuwa nacho tangu Kidato cha Tatu, nacho kilikuwa kimekaa sandukuni.

Nikakumbuka tuliyofundishwa darasani juu ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki 1840. Mashairi yake yalikaa katika vinywa vya watu, huyu ana ubeti mmoja, yule ana mbili, hata mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua wa Mombasa, pamoja na yule padre Mwingereza W. E. Taylor, wakayakusanya na kuyaandika. Diwani yenyewe haikuchapwa mpaka 1940, Johannesburg, kwa mkono wa Hichens. Hiyo ni miaka 100 baada ya kufa kwake. Kama watu wa Mombasa wangalisema kwamba nani hana shairi zima asiseme ubeti, sijui tungalikuwa na nini leo. Na mengi ya Muyaka yalikuwa mashairi ya kujibizana na ya vita vya maneno, si maneno ya upole. Hawakuyatupa kwa sababu hiyo.

Mama zetu nao wanalo jambo la kutufundisha hapa. Kanga ina maneno, na kila mtu ajua kwamba mwanamke aweza kuinunua kanga kwa ajili ya jina lake na kuivaa apite mbele ya mlango wa jirani. Hakusema kitu, ni nguo tu. Ndivyo nilivyofanya na ile karatasi yangu, na nilijidanganya kwa udhuru ule ule, kwamba sikutaja mtu. Lakini yule mwenye kuvaa kanga angalau anapita yeye mwenyewe mlangoni, aonekane. Mimi nilikibandika alfajiri, nikaenda kunywa uji.

Kwa hiyo ninaloliomba kwa Mwalimu Mkuu na walimu wetu ni hili. Ubao urudishwe, na anayebandika aandike jina lake chini. Aandike pia ni nani anayesema katika kipande kile, Majivuno au Karama, tajiri au maskini, maana wino ule mwekundu wa Kidato cha Pili sitaki umfike mwingine kwa njia niliyofikiwa mimi. Na kama bado hajakimaliza kitabu, aseme hivyo waziwazi: nimefika ukurasa wa 60, sijui mbele.

Wako waliotoa shauri kwamba vipande vibandikwe na waliomaliza vitabu tu, kwa usalama. Shauri hili nimelifikiri, nami silikubali, ingawa kosa langu lenyewe lalitetea. Aliyemaliza kitabu ana habari ya kutupa. Aliye katikati ana swali, na tofauti ni kubwa. Zile siku za Kuli, hakuna bwenini aliyejua Rashidi atafanya nini, hata msomaji. Tulikisia, tukabishana, na ndugu yetu mwana wa mchukuzi alikisia sawasawa mara nyingi kutushinda sisi tuliokuwa na alama nzuri za Kiswahili, kwa sababu yeye aliijua kazi. Mtu aliyekuwa amekimaliza angalitukatiza. Kosa langu halikuwa kutokumaliza. Lilikuwa kutoa hukumu nikiwa sijamaliza, nikajificha.

Tena ule mlango wa makombo haufungwi kwa kuuondoa ubao. Mwalimu aliyesema vile, kwa heshima yake yote, naomba aitazame orodha ya kuazima vitabu ya muhula ule na ya muhula huu. Mimi nimeitazama, kwa ruhusa. Kuli ilikuwa na watu kumi na mmoja wakiingoja. Kusadikika sita. Muhula huu kurasa za orodha ni safi sana, na vitabu vimepumzika rafuni vizuri, pamoja na hicho kilichovimba.

Kwa wazazi wetu nina ombi dogo. Mtoto akija nyumbani likizo, msimwulize tu amekuwa wa ngapi. Mwambieni afungue sanduku, atoe kitabu alicho nacho, asome ukurasa mmoja pale alipofika, hata kama mboga iko motoni na wadogo zake wanapiga kelele. Huenda kikamshinda kueleza. Huenda na ninyi mkawa na ubeti wake.

Mimi hivi sasa nasoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Tuzo ya Nobel 2021, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022. Nakala ni ya mwalimu, nimepewa mpaka mwisho wa mwezi. Kijana Yusuf ameingia bara pamoja na msafara wa mfanyabiashara Aziz, na mambo si mazuri, wachukuzi wamechoka na mwenye mji hawataki. Sijamaliza, sijui mbele. Bweni la pili, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, baada ya masomo ya usiku. Yule mwenzangu ameahidi kuja, na amesema safari hii mto wangu utakaguliwa kwanza kama uko chini ya paa zima.